Chumba cha Mtoto

Chumba cha mtoto si lazima kiwe kikubwa. Yafaa kiwe salama na cha kumpendeza. Kwanza, dirisha lifunguke, hewa safi ipite. Jiko la makaa lisiachwe humo usiku, hata baridi ikizidi, kwani hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watu usingizini. Kitanda kisiinuke sana, na chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro, maana mbu wa malaria huuma usiku. Kisha ubao wa kuwekea nguo na vitu vya kuchezea upigiliwe kwa kimo cha mtoto mwenyewe. Hivyo atazoea kupanga vitu vyake bila kuamrishwa, naye atakipenda chumba chake.