Kelele na Upotoshaji: Somo la Amplifaya katika Mitandao ya Kupokezana Mawimbi

Mji wa Keroka umekaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, kando ya barabara kuu ya Kisii na Sotik. Nchi ya Gusii ni ya vilima na mabonde, na mawimbi ya redio hudhoofika yanapokingwa na kilima. Mahali pa namna hii, kituo cha kati kinaweza kuipokea ishara hafifu, kuikuza kwa amplifaya na kuirusha mbele. Makala haya yanabainisha kwa nini kuongeza nguvu hakuleti uhakika wa mawasiliano siku zote.

Yafaa kwanza kutofautisha istilahi mbili. Kelele hutokana hasa na joto la vifaa, nayo huwapo hata pasipo ishara. Ishara ikiongezewa nguvu, huishinda. Upotoshaji, kwa upande mwingine, huzaliwa na ishara yenyewe. Amplifaya ina ukomo wake. Ikisukumwa kuukaribia, vilele vya mawimbi hukatwa. Ndivyo kipaza sauti cha sokoni kinavyokwaruza kikifunguliwa kupita kiasi: sauti ni kubwa, lakini maneno hayasikiki.

Tuseme upotoshaji katika kila moja ya hatua mbili za safari ni asilimia 1 ya nguvu ya ishara. Kituo kinachokuza tu huurithi upotoshaji wa kwanza na kuuongezea wake. Hivyo ishara haiwezi kuuzidi upotoshaji kwa zaidi ya mara 50 hivi, hata nguvu ziongezwe vipi. Kituo kinachoufasiri ujumbe na kuutunga upya hufikia mara 100, kwa kuwa hakirithi dosari hiyo. Mawasiliano yanayohitaji kiwango cha juu kuliko hapo hukatika daima.

Tiba zipo: kuiendesha amplifaya chini ya ukomo wake, ingawa umeme mwingi hupotea, au kuipinda ishara kinyume kabla ya kuikuza, ili mapindo mawili yafutane.

Kwa hiyo, anayeita yote mawili "kelele" ataongeza nguvu palipohitaji kupunguzwa, na mchuuzi wa Keroka ataendelea kuungoja ujumbe wa malipo usiofika. Usahihi wa istilahi, basi, si pambo la lugha; ni sehemu ya tiba.