Faili Moja, Anwani Mbili



Ukiandika insha katika tarakilishi ya Windows, kisha ukaitafuta kupitia mazingira ya Unix yaliyowekwa humo humo, utadhani imepotea. Wapi! Ni faili ile ile, ila ina anwani mbili. Leo nataka nieleze anwani hizo, halafu niguse ruhusa, maana hapo ndipo penye mtego.

1. Anwani

Unix ilianza mwaka wa 1969 katika maabara za Bell, Marekani. Humo kila kitu kiko chini ya mzizi mmoja, unaoandikwa kwa mkwaju (/). Windows nayo hutanguliza herufi ya diski, kisha hutenganisha folda kwa mkwaju uliogeuzwa (\). Kisa na maana? MS-DOS ya kwanza ilikuwa imeshautumia mkwaju wa kawaida katika amri zake. Folda zilipoingia katika toleo la 2.0, mwaka wa 1983, ikabidi itafutwe alama nyingine.

Tazama mfano huu:

Windows: C:\kazi\insha.txt
Cygwin (ya tangu 1995): /cygdrive/c/kazi/insha.txt
WSL (ya tangu 2016): /mnt/c/kazi/insha.txt

2. Ruhusa

Unix hugawa watu mafungu matatu: mwenyewe, kikundi chake na wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha programu ni 1. Wewe unajumlisha tu. Kwa hivyo chmod 640 insha.txt ina maana kwamba mwenyewe asome na aandike (4+2), kikundi kisome (4), wengine wasipate kitu (0).

Sasa ule mtego. Windows haizijui tarakimu hizi. Ina orodha yake ya ruhusa. Cygwin hujaribu kuzitafsiri ziingie katika orodha hiyo. WSL ikiachwa ilivyo haifanyi hivyo kwa faili za diski C. Unaandika 640, inanyamaza kama iliyotii, lakini ukiuliza kwa ls -l unaona rwxrwxrwx, yaani kila mtu ana kila ruhusa. Na hata hayo si neno la mwisho, kwani mwamuzi hasa ni ile orodha ya Windows. Mwalimu akiweka mtihani hapo akitegemea chmod, amefunga mlango kwa kufuli ya karatasi.

Mimi nashauri hivi. Faili ya siri ikiwa katika diski C, ifunge kwa ruhusa za Windows zenyewe. Ukiwa ndani ya WSL, iweke chini ya /home, ambako chmod hufanya kazi. Kisha hakikisha kwa ls -l. Lakini kama darasa zima linaingia kwa jina moja na nywila moja, jamani, tarakimu hazitawafaa: nyote ni "mwenyewe"!

Tahadhari kabla ya hatari.

Zoezi: Mwenyewe anasoma na kuandika, kikundi na wengine wanasoma tu. Andika tarakimu zake.