Kunena Huku Tunatetemeka

Masomo: Matendo 18:1–11, 1 Wakorintho 2:1–5, 1 Petro 3:15

Katika somo hili tutazame jambo ambalo Wakristo wengi hulificha, yaani hofu ya kumwambia mwenzetu habari za Bwana Yesu. Kanisani twaimba kwa sauti kuu, lakini tukiwa sokoni au kazini vinywa vyetu hufungwa.

Sisi tunaoandika hatuna haki ya kumcheka mtu. Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, mwalimu mwenzetu mmoja, asiyeshika dini yoyote, aliugua. Tulikwenda kumtazama kila Jumamosi kwa muda wa miezi mitatu, tukaongea habari za mvua, bei ya mahindi na wanafunzi wake. Siku moja akatuuliza, "Ninyi mnaosali, mnajuaje kuwa mnasikilizwa?" Tukamwambia asijichoshe kwa maneno, apumzike. Juma lililofuata akafa.

Tuliogopa nini? Hakuna aliyetaka kutupiga wala kutufunga. Tuliogopa asije akaleta swali la pili tusiloliweza, sisi tuliozoea kuwa na majibu ubaoni. Tena alitujua mno. Alikwisha kutuona tukigombana na karani kwa ajili ya mshahara uliochelewa, na maneno tuliyotumia siku ile hayakuwa ya Kikristo.

Sasa tumwangalie mtume Paulo, ambaye wengi humdhani alikuwa simba. Kabla ya kusoma sura ya 18, rudini sura ya 16 na 17. Huko Filipi alipigwa bakora na kutiwa gerezani. Thesalonike ndugu walimwondosha usiku, Beroya ikambidi kuondoka tena, na Athene wengine walimdhihaki. Ndipo akaingia Korintho, yapata mwaka 50, akafanya kazi ya kushona mahema pamoja na Akila na Prisila. Katika sinagogi akapingwa na kutukanwa. Baadaye, alipowaandikia Wakorintho, hakuona haya kukiri kwamba alipokuwa kwao alikuwa dhaifu, tena mwenye hofu na kutetemeka.

Angalieni jinsi Bwana alivyosema naye usiku katika maono. Hakumkemea. Alimwagiza asiogope wala asinyamaze, akamwahidi kuwa pamoja naye, kisha akamwambia kuwa anao watu wengi katika mji ule. Yaani Mungu alikuwa amekwisha kuanza kazi ndani ya mioyo ya watu ambao Paulo hakuwajua bado. Paulo akakaa huko mwaka mmoja na miezi sita akifundisha. Maandiko hayasemi kwamba kutetemeka kulikoma kwanza, ndipo akanena.

Katika mazoezi ya kufundisha tuliona wanachuo wengi ambao chaki iliwatetemeka mkononi. Mwenye hofu kupita wote mara nyingi ndiye aliyesema mfululizo bila kupumua, asimpe mtoto nafasi ya kunyosha kidole. Hofu humfanya mmoja bubu na mwingine mpayukaji. Labda hata baadhi ya wale wanaohubiri ndani ya basi bila kumtazama abiria usoni (tusiwahukumu) wanaogopa kuulizwa. Mtume Petro anataka tuwe tayari kumjibu mtu anayetuuliza sababu ya tumaini letu, tena kwa upole. Basi, yuko anayeuliza, na yatupasa kumsikia kwanza. Kama hatulijui jibu, twaweza kusema, "Hilo sijui, lakini nitakueleza kwa nini mimi husali." Laiti tungalimpa mwenzetu yule angalau maneno hayo!

Kwa mkutano wa mtaa juma hili: someni masomo matatu yaliyotajwa hapo juu. Kisha kila mmoja amkumbuke mtu aliyewahi kumwuliza neno juu ya imani, naye akalikwepa. Msitaje jina lake mbele ya wengine. Mwombeeni kimya, halafu kila mmoja amwendee mtu wake kabla ya Jumapili ijayo. Akiwa ni mgonjwa, nendeni leo.