Mwanafunzi wa utabibu na mgonjwa wa kweli

Swali: Binti yangu anasomea stashahada ya utabibu. Kwa nini apelekwe wodini mapema, ilhali chuoni kuna sanamu za kufanyia mazoezi?

Jibu: Kwa sababu sanamu hailii. Chukua mfano wa nimonia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto wa miezi 2 hadi 11 anapumua haraka akifikisha pumzi 50 kwa dakika. Wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40. Tarakimu hizo hukaririwa kwa jioni moja. Kazi ni kuhesabu pumzi kwa dakika nzima kwenye kifua cha mtoto anayehangaika mapajani mwa mama mwenye wasiwasi, huku foleni ikingoja. Lazima kwanza atulizwe, maana kilio chenyewe huvuruga hesabu, kisha nguo ipandishwe ionekane kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa. Jicho la kuliona hilo hupatikana kwa kutazama vifua vingi, vizima na vigonjwa, mbele ya msimamizi anayesahihisha papo hapo. Na baadaye, huko zahanatini, mara nyingi tabibu hana daktari wa kumuuliza.

Hofu ya usalama wa mgonjwa ni ya haki, na sindano ya kwanza kabisa ichomwe kwenye sanamu. Lakini wodini kinga ni usimamizi: mgonjwa aombwe ridhaa, msimamizi ahesabu upya, dawa isitolewe kwa neno la mwanafunzi peke yake. Kinachonitia shaka zaidi ni wanafunzi kumi kuzunguka kitanda kimoja. Mmoja hushika, tisa hutazama. Muulize binti yako amehesabu watoto wangapi yeye mwenyewe, na nani alihakiki.