Kuamsha Pikipiki ya Zamani

Katika mji wa Birmingham, Uingereza, palikuwa na kampuni iliyoitwa BSA. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuunda bunduki. Baadaye iliunda baiskeli na pikipiki pia. Wakati wa vita vya mwaka 1939 hadi 1945 ilitengeneza kwa ajili ya majeshi pikipiki za aina ya M20, zaidi ya 120,000. Ni nzito, wala hazina mbio. Lakini hufunguliwa kwa urahisi, na kwa hiyo hata leo wako watu wanaozitunza wenyewe nyumbani kwa spana chache.

Mtambo wake una silinda moja tu. Pistoni ikishuka huvuta hewa iliyochanganyika na petroli, ikipanda huikandamiza. Ndipo cheche ya umeme huiwasha, nayo ikiwaka huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Kisha pistoni hupanda tena na kutoa moshi. Basi mtambo ukikataa kuwaka, tazama mambo matatu: petroli, cheche, na mkandamizo. Fundi asiye na subira huanza kwa kugeuza skrubu za kabureta, maana ziko karibu na mkono. Akiisha kuzigeuza zote, ana makosa mawili badala ya moja.

Petroli hujulikana upesi. Juu ya chumba cha boya, kando ya kabureta, kuna kijiti kidogo. Ukikibonyeza na petroli ikachuruzika, basi inafika.

Sasa funga bilula ya petroli, ufute yote iliyomwagika, maana mvuke wake hauonekani, nao hushika moto mara moja. Fungua plagi, uiunge tena na waya wake, uilaze juu ya chuma cha mtambo, mbali na tundu ilimotoka, kisha piga kiki. Cheche ya buluu ikiruka, umeme upo. Isiporuka, jaribu plagi nyingine kabla ya kuilaumu magneto, yaani chombo kile kizaacho umeme kwa kuzunguka, pasipo haja ya betri. Ndani yake mna pointi mbili zinazogusana na kuachana, na cheche huruka zinapoachana. Zikiwa chafu, zisafishe. Nafasi kati yake, zikiwa wazi kabisa, ni inchi 0.012, karibu na unene wa karatasi tatu za daftari. Lakini karatasi ni kukisia tu, afadhali bamba jembamba la chuma lenye unene huo.

Mkandamizo hupimwa kwa mguu. Ikanyage kiki polepole: pistoni ikiwa yapanda na vali zimefungwa, utasikia inakuzuia. Isipokuzuia, pengine vali haifungi sawasawa.

Jambo la hatari ni hili. Kwenye usukani, upande wa kushoto, kuna mkono mdogo wa kuwahisha au kuchelewesha cheche. Mtambo uendapo mbio cheche hupaswa kuwahi, kwa kuwa moto unahitaji muda wa kuenea. Lakini wakati wa kuuamsha, icheleweshe. Ukisahau, moto utawaka pistoni ingali ikipanda, nayo itarudishwa nyuma, na kiki itaurusha mguu wako kwa nguvu iwezayo kuvunja mfupa. Misuli haisaidii hapa. Inua vali ya moshi kwa mkono wake, ipitishe pistoni kidogo tu baada ya kilele, iachilie vali, ndipo upige kiki mpaka mwisho.

Kabureta huja mwisho, mtambo ukiisha kupata moto. Ile skrubu ndogo ya hewa, ukiikaza, hewa hupungua na petroli huzidi; ukiilegeza, kinyume chake. Igeuze robo, usikilize, uigeuze tena, hata mtambo ungurume polepole bila kusitasita. Kisha endesha maili chache kwa mwendo wa kadiri, uzime ghafula, na plagi ikipoa uifungue. Masizi meusi maana yake petroli imezidi. Weupe maana yake imepungua, na hili ndilo baya zaidi, kwa sababu mtambo wenye njaa ya petroli hupata joto kupita kiasi, hata huweza kutoboa pistoni. Rangi itakiwayo ni ya hudhurungi. Ukiona weupe, inua sindano ya kabureta kidato kimoja, uipitie tena njia ile ile.