Ndaga, Asante na Shukrani: Lugha ya Kushukuru katika Mlo wa Nyumbani Bondeni Kyela

IKISIRI

Makala haya yanachunguza lugha ya kushukuru katika mlo wa familia Bondeni, yaani uwanda wa Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Hoja kuu ni kwamba neno *shukrani*, lililoingia katika eneo hili pamoja na Kiswahili na ibada za Kikristo, halikuchukua nafasi ya neno la Kinyakyusa *ndaga*, bali maneno hayo yamegawana kazi: *shukrani* imekuwa jina la tukio, na *ndaga* imebaki kuwa neno la kinywa. Inaelezwa pia kwamba katika mapokeo ya Bondeni mlo wenyewe, pamoja na upatanisho uliopaswa kuutangulia, ndio uliobeba uzito wa shukrani. Uzito huo hauonekani iwapo mtafiti ataishia katika tafsiri ya neno peke yake.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha magazeti na redio, sikukuu ya Wamarekani inayoadhimishwa Alhamisi ya nne ya mwezi Novemba huitwa *Siku ya Shukrani*. Rais Abraham Lincoln aliitangaza kuwa siku ya taifa zima mwaka 1863, na tarehe yake ya sasa iliwekwa na sheria ya mwaka 1941. Kiini cha siku hiyo ni familia kukutana nyumbani, kupika na kula pamoja kwa moyo wa kushukuru. Kwa hiyo tafsiri *Siku ya Shukrani* ni sahihi kileksika. Swali linalobaki ni la kipragmatiki: msemaji wa Kiswahili anaposikia *shukrani* pamoja na *chakula*, anaelewa uhusiano gani kati ya viwili hivyo?

Swali hili haliwezi kujibiwa kwa Kiswahili kwa jumla, kwa kuwa wasemaji wengi wa lugha hii hukila chakula chao cha nyumbani ndani ya lugha nyingine. Makala haya yanatazama mahali pamoja. Bondeni ni nchi ya mpunga, ndizi, kakao na michikichi, inayopitiwa na mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo kuelekea ziwani. Lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kinyakyusa. Lugha ya shule na ofisi ni Kiswahili. Na ibadani lugha zote mbili zimewahi kutumika. Ni mahali panapofaa kuchunguza jinsi lugha mbili zinavyogawana tendo moja.

2.0 Maneno matatu ya kushukuru

2.1 Asante

*Asante* (au *ahsante*) linatokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya ‘umefanya vyema’. Katika Kiarabu kitenzi hicho hubadilika kufuatana na jinsia na idadi ya wanaoambiwa. Kiswahili kilipolikopa, kililigandisha katika umbo moja na kulifanya kihisishi. Hata hivyo sarufi ya Kibantu haikuliacha hivyo: wanaposhukuriwa watu wengi husemwa *asanteni*, kwa kiambishi tamati kilekile cha *karibuni* na *njooni*. Idadi iliyopotea katika ukopaji imerudishwa kwa njia ya lugha pokezi.

Kimaana, *asante* kwa asili yake humtazama mtoaji na kulisifu tendo lake. Lakini katika muktadha wa chakula neno hili lina utata, kama inavyoonekana katika mfano wa (1):

(1) Mwenyeji: Karibu tule.
Mpita njia: Asante.

Iwapo mpita njia ataketi na kunawa mikono, *asante* ni kukubali. Iwapo ataendelea kusimama, *asante* ni kukataa kwa adabu. Mara nyingi maana ya pili ndiyo inayokusudiwa, na katika Kiswahili cha pwani baadhi ya wasemaji hujibu *starehe* ili kuondoa shaka. Kwa hiyo neno lililo jepesi kuliko yote kulitafsiri linaweza kuwa mlango wa kuingilia katika mlo au wa kutokea.

2.2 Shukuru na shukrani

*Shukuru*, ambalo pia asili yake ni Kiarabu, lilikopwa likiwa kitenzi kamili na linapokea viambishi vyote vya kawaida: *namshukuru*, *tulishukuriwa*, *hawashukuru*. Tofauti na *asante*, neno hili humtazama mpokeaji na hali ya moyo wake. Ndiyo maana *namshukuru Mungu* hutosha kuwa jibu la *habari za nyumbani?*, hata pale ambapo hakuna kilichotolewa wala kupokelewa kati ya wazungumzaji.

Nomino *shukrani* ina tabia inayostahili kuangaliwa. Vitenzi vinavyoandamana nayo ni vilevile vinavyoandamana na chakula na vyombo vyake:

(2) a. Familia ilitoa shukrani.
b. Familia ilitoa chakula.

(3) a. Tunarudisha shukrani kwa Mungu.
b. Tunarudisha sahani kwa jirani.

(4) a. Wamepokea shukrani zetu.
b. Wamepokea wali wetu.

Mifano hii inadokeza kwamba katika Kiswahili shukrani ni kitu kinachotoka mkononi mwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa msemaji anayeona kuwa si adabu kurudisha sahani ya jirani ikiwa tupu, (3a) na (3b) si sentensi mbili zinazofanana kwa bahati tu. Hata *asante*, likitumiwa kama nomino, huweza kuwa kitu cha kushikika: *mpe mkunga asante yake*.

2.3 Ndaga

Katika Kinyakyusa neno la kushukuru ni *ndaga*, na likikazwa, *ndaga fijo*. Ni kihisishi kisichobeba kiambishi cha nafsi wala cha idadi. Jambo hili linapata maana likilinganishwa na salamu. Salamu ya asubuhi ni kitenzi kamili: mtu wa rika au mdogo huambiwa *ugonile* (‘umelala’), na mkubwa huambiwa *mugonile* (‘mmelala’), kwa kuwa umbo la wingi hutumika kuonyesha heshima hata kwa mtu mmoja. *Ndaga* halina nafasi ya kupachika heshima hiyo. Kwa hiyo heshima huwekwa nje ya neno, katika jina la mwitwa: *ndaga taata* kwa baba, *ndaga juuba* kwa mama.

Matokeo yake ni kwamba shukrani ya Kinyakyusa, inaposemwa kwa ukamilifu, humtaja anayeshukuriwa kwa uhusiano wake na msemaji. *Asante* linaweza kusemwa hewani. *Ndaga juuba* haliwezi kusemwa bila mama kuwapo, au walau bila kufikiriwa.

3.0 Mlo wa Bondeni katika mapokeo

Maelezo ya kina zaidi kuhusu mlo wa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 ni ya Monica Wilson, aliyefanya utafiti pamoja na mumewe Godfrey Wilson. Katika *Good Company* (1951) anaeleza vijiji vya marika: wavulana walihama nyumba za wazazi wao wakajenga vibanda pamoja na wenzao wa rika moja. Walihama kulala, lakini hawakuhama kula. Waliendelea kula chakula cha mama zao, nao walikwenda kwa kundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule.

Desturi hii inabadilisha maana ya *mlo wa familia*. Mama hakumpikia mwanawe. Aliwapikia mwanawe na wenzake. Naye mwanawe alilishwa na mama wengi. Ndani ya mpango huo, shukrani ya kijana kwa mama wa mwenzake haikuweza kukamilishwa kwa neno, kwa sababu ilikwishakamilishwa na mama yake mwenyewe alipomlisha mwenzake. Kitenzi kinachobeba hali hii ni *ukwangala*, ambacho Wilson alikitafsiri kwa maneno yaliyokuwa jina la kitabu chake: kuwa katika ushirika mwema, kula, kunywa na kuzungumza pamoja. Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinacholingana nacho. *Kustarehe* halina watu wengine ndani yake, na *kushirikiana* halina chakula.

Upande wa pili wa *ukwangala* ulikuwa hofu. Mtu mwenye mali asiyewalisha jirani zake aliaminika kuweza kupatwa na ‘pumzi ya watu’, yaani manung’uniko yao yaliyogeuka ugonjwa. Kwa hiyo karamu haikuwa hiari ya moyo mkunjufu pekee. Ilikuwa pia wajibu, na aliyeutimiza alijikinga yeye na nyumba yake.

Jambo la tatu ni upatanisho. Katika *Rituals of Kinship among the Nyakyusa* (1957), Wilson anaonyesha kwamba ndugu waliokusanyika kwa tambiko walipaswa kwanza kuzitamka hasira zao. Kupuliza maji kutoka kinywani kulikuwa ishara kwamba kinyongo kimetemwa. Kula pamoja huku ugomvi umefichwa moyoni kulihesabiwa kuwa hatari kwa afya ya wote. Methali ya Kiswahili *mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe* inaridhika kutambua tofauti ya ndugu na mlaji mwenza. Tambiko la Bondeni lilidai zaidi: mzaliwa nawe asile nawe kabla hajasema kilichomo moyoni.

4.0 Kutoka sikukuu ya mavuno hadi ibada ya nyumbani

Wamisionari wa Kimoraviani na wale wa Misheni ya Berlin walifika katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na mwaka 1894 Wamoraviani walifungua kituo cha Ipyana, Bondeni kwenyewe. Walitoka katika nchi ambayo makanisa yake huadhimisha shukrani ya mavuno mwanzoni mwa Oktoba, wakati wa Ulaya wa kuingiza nafaka ghalani. Bondeni mwezi huo ni wa kungoja mvua. Mpunga huvunwa hasa kati ya Mei na Julai. Maana ya sikukuu iliweza kuhamishwa, lakini wakati wake ulitegemea udongo. Ndivyo ilivyo hata kwa Novemba ya Wamarekani.

Sikukuu ya mavuno iliingiza msamiati wa kitaasisi: *sadaka ya shukrani*, *ibada ya shukrani*, *Jumapili ya mavuno*. Mazao huletwa kanisani na mara nyingi hunadiwa, kisha fedha huingia katika hazina ya kanisa. Katika mwendo huo shukrani huondoka jikoni kwenda madhabahuni, nacho chakula hugeuka kuwa fedha.

Lakini ipo njia nyingine inayorudi nyumbani. Familia huandaa *ibada ya shukrani* kwa sababu yake yenyewe: mgonjwa amepona, kijana amehitimu, nyumba imekamilika, au msiba umepita na waliobaki wanataka kumshukuru Mungu na waliowasaidia. Watoto walioko Mbeya au Dar es Salaam hurudi. Hupikwa wali wa mchele wa Kyela wenye harufu yake inayojulikana, ndizi, nyama au kuku, na samaki wa ziwani kama mbasa na usipa. Sherehe hizi hazikomei Bondeni. Pwani, familia ya Kiislamu huandaa kisomo na pilau kwa sababu zilezile. Kinachofanana ni kwamba Mungu hushukuriwa kwa kulisha watu.

5.0 Neno la shukrani na nafasi ya mpishi

Katika ratiba ya shughuli hizo kuna kipengele kiitwacho *neno la shukrani*. Licha ya jina lake, si neno moja bali ni hotuba yenye utaratibu: Mungu hutajwa kwanza, wafuatao ni viongozi wa dini, kisha wageni wa mbali, majirani na wanafamilia. Hutolewa kwa Kiswahili sanifu kadiri msemaji anavyokiweza, na vitenzi vyake ni vya nafsi ya kwanza wingi: *tunawashukuru*, *tunasema asanteni*. Hapa *shukrani* ni jina la tendo rasmi linalofanywa na mtu aliyeteuliwa kwa niaba ya wengine.

Wapishi huweza kutajwa mwishoni, na mara nyingine mshereheshaji huwaita mbele washangiliwe. Lakini wakati hotuba inaposemwa, wengi wao wako nyuma ya nyumba, kwenye mafiga. Shukrani yao halisi huwafikia baadaye, mtu anaporudisha sahani na kusema *ndaga juuba*. Huu ndio mgawanyo wa kazi unaodaiwa na makala haya: *shukrani* husemwa mbele ya watu, na *ndaga* husemwa kwa mtu.

Mgawanyo huu una historia. Miko ya ukwe, iitwayo *ingamwana*, ilimkataza mke kukutana na baba mkwe wake na hata kutamka maneno yanayofanana na jina lake. Miko ilipofuatwa kikamilifu, shukrani kati ya hao wawili haikuweza kupita ana kwa ana. Ingepita ama kwa mtu wa tatu ama kwa chakula chenyewe. Hotuba ya leo imefungua njia ya mkwe kushukuriwa hadharani, pamoja na wengine, kwa wingi usiomtaja. Hiyo ni faida ambayo haipaswi kupuuzwa. Kiswahili kimewezesha kusemwa jambo ambalo adabu ya zamani ililifunga.

Hasara nayo ipo. *Neno la shukrani* halina mahali pa kutamkia hasira. Ndugu wawili wasiosemezana wanaweza kuketi meza moja, wakasikia *tunawashukuru nyote*, wakala, wakaondoka kama walivyokuja. Wingi wa *asanteni* huwajumuisha bila kuwapatanisha. Katika mapokeo yaliyoelezwa na Wilson, mlo wa namna hiyo ungehesabiwa kuwa haujafanyika.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba *asante*, *shukrani* na *ndaga* si visawe katika mlo wa Bondeni. *Asante* hulisifu tendo, na huweza hata kuukataa mlo. *Shukrani* ni kitu kitolewacho na, katika matumizi ya sasa, jina la shughuli. *Ndaga* humrudisha msemaji kwa mtu aliyempikia. Chini ya yote matatu kulikuwa na *ukwangala*, ambako shukrani ilionekana katika utayari wa kumlisha mwingine na wa kula bila kinyongo.

Kwa mfasiri, hii ina maana kwamba *Siku ya Shukrani* hutafsiri jina la sikukuu na kuiacha nje sufuria. Kwa mwanaisimujamii, kazi iliyo mbele ni kurekodi maneno yanayosemwa jikoni na mlangoni, na si yale ya kipaza sauti peke yake. Wajukuu wanaokulia mijini hurudi Bondeni wakijua kusema *asante bibi*, na bibi huridhika. Lakini *asante* litakapobaki peke yake, lugha ya nyumba hiyo haitakuwa na neno la kinywa lililotengwa kwa ajili ya aliyepika, na itabidi jambo hilo litafutiwe njia nyingine ya kusemwa.