Kompyuta Inavyotafuta Neno Ndani ya Faili

Karani wa masjala hulitambua jalada kwa namba na jina lililoandikwa juu yake. Akiulizwa ni barua zipi kati ya elfu moja zinazotaja karafuu, hana budi kuzifungua zote. Kompyuta ya ofisini nayo hukabiliwa na kazi hizo mbili. Kutafuta jina la faili ni jambo jepesi. Kutafuta yaliyomo ni kazi nyingine kabisa.

Herufi huhifadhiwa ndani ya kompyuta kama namba. Katika utaratibu uitwao ASCII, A kubwa ni 65 na a ndogo ni 97. Kwa hiyo mashine isipoelekezwa huona "Karafuu" na "karafuu" kuwa maneno mawili tofauti. Kutafuta basi ni kulinganisha mfuatano wa namba na mwingine. Njia iliyo rahisi kueleweka ni kuliweka neno mwanzoni mwa maandishi, kulinganisha, kisha kulisogeza hatua moja moja hadi mwisho. Mwaka 1973 Ken Thompson, wa maabara za Bell nchini Marekani, alitoa programu ndogo iitwayo grep, ambayo hupitia faili na kutoa kila mstari wenye neno linalotakiwa. Programu hiyo ingali ikitumika.

Mwaka 1977 Robert Boyer na J Strother Moore walitangaza njia ya werevu zaidi, ambayo huanza na herufi ya mwisho ya neno. Chukua neno "karafuu", lenye herufi 7, litafutwe katika maandishi yanayoanza "bei ya korosho". Mashine hutazama kwanza nafasi ya 7, ikakuta pengo lililo kati ya "ya" na "korosho". Pengo halimo katika "karafuu"; kwa hiyo neno hilo haliwezi kuanzia popote katika nafasi 7 za kwanza. Mashine huruka hadi nafasi ya 14, ikakuta "o", ambayo pia haimo. Nafasi 14 zimemalizika kwa kutazama mara 2 tu! Hivyo neno likiwa refu, mara nyingi kazi hupungua, kinyume cha mtu anavyotazamia.

Hata hivyo, faili zikiwa maelfu, kuzisoma upya kwa kila swali huchosha hata mashine. Ndipo hutumika faharasa: kompyuta husoma faili zote mapema, ikaandika kila neno pamoja na orodha ya faili lilimo, kama kurasa za mwisho za kitabu cha kiada. Jibu huja mara moja. Lakini faharasa hujua tu kile kilichosomwa. Barua iliyopigwa picha kwa mashine haina herufi bali vidoa vya weusi na weupe, mpaka programu ya kutambua maandishi izigeuze. Faili za docx, zilizoanza na toleo la 2007 la Microsoft Word, nazo hushindiliwa ili zichukue nafasi ndogo; grep ikizisoma zilivyo haioni neno.

Tatizo kubwa kwa watumiaji wa Kiswahili ni jingine. Faharasa nyingi hutafuta neno zima au mwanzo wa neno. Njia hiyo huifaa Kiingereza, ambacho maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Kiswahili hubadilika pia mwanzoni. Tuseme mwalimu mkuu anatafuta barua ya mwanafunzi aliyetoka shule nyingine, akaandika "hamish". Barua inasema "walihamishwa". Katika faharasa neno hilo limo chini ya W. Kompyuta hujibu kwamba hakuna kitu, na mwanafunzi huonekana hana kibali, ilhali barua imo. Utafutaji wa herufi kwa herufi ungeipata, pamoja na "uhamisho" na "amehamishiwa".

Jambo hili laweza kujaribiwa darasani kwa faili tatu, kila moja ikiwa na neno mojawapo kati ya hayo, zikitafutwa kwa njia zote mbili. Shina lisiwe fupi mno: atafutaye "lim" kwa ajili ya kilimo ataletewa walimu wote na milima yote.